Mteja akija na hasira, usimtume mtoto mlangoni

Mlango uligongwa saa tatu asubuhi, Jumamosi ya kwanza ya Januari 2024. Mjini Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, tope lilikuwa limeanza kukauka kwenye kuta za nyumba. Ndani ya nyumba moja ya vyumba viwili, fundi cherehani aliondoa mguu kwenye kanyagio, akamtazama binti yake wa darasa la nne, kisha akamwonyesha mlango kwa kidevu.

Binti alijua la kufanya. Alifungua mlango nusu, akasimama katikati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Fundi yuko wapi?"

"Mama hayupo. Ameenda Babati."

"Na kitambaa changu je?"

"Kilichukuliwa na tope."

Mteja alikuwa ametoka Endasak kwa basi. Alikuwa na watoto wawili wa kuvalishwa sare, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Alimtazama mtoto, akalitazama pazia nyuma yake, akasema, "Akirudi mwambie nilikuja." Hakupiga kelele. Akaondoka.

Mtoto alifunga mlango, akaenda kukaa kitandani, akashika tumbo.

Wazazi wengi waliojiajiri wanalifahamu tukio hili, hata kama wao si mafundi cherehani. Fundi pikipiki, msusi, seremala, mpishi wa keki na mpiga picha wa harusi, wote siku moja watafikiwa na mteja ambaye hakuridhika. Kazi imechelewa, imeharibika, au fedha imetumika kabla kazi haijaanza. Aliyeajiriwa ana bosi wa kusimama mbele yake. Aliyejiajiri, hasa anayefanyia kazi nyumbani, mara nyingi aliye karibu na mlango ni mtoto.

Daftari lenye majina kumi na moja

Asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo vilishuka hadi Katesh, Gendabi na maeneo ya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha, na wengine wengi walijeruhiwa na kupoteza makazi.

Kibanda cha fundi huyu kilikuwa karibu na soko. Yeye na familia yake walinusurika. Cherehani ilifukuliwa, ikaoshwa kwa mafuta ya taa, ikapakwa oili, ikafanya kazi tena. Vitambaa havikuokolewa.

Katika daftari lake kulikuwa na majina ya wateja kumi na moja. Wote walikuwa wazazi walioamua kuwahi kabla ya msongamano wa Januari. Tangu elimumsingi ianze kutolewa bila ada mwaka 2016, mzazi wa shule ya serikali amebaki na jukumu la sare, madaftari na viatu, na mwenye hekima hapeleki kitambaa kwa fundi wiki ya mwisho.

Saba kati ya hao kumi na moja walikuwa wameleta vitambaa vyao, na vitambaa hivyo vilifunikwa na tope kweli. Walipoambiwa, hakuna aliyegomba. Walisema, "Pole fundi, tunashukuru Mungu mko hai." Mmoja alirudi siku iliyofuata na debe la mahindi.

Wanne waliobaki hawakuleta kitambaa. Walimpa fundi fedha ili awanunulie kitambaa na kuwashonea. Kitambaa hicho hakikuwahi kununuliwa. Mwezi Novemba fundi alikuwa na kodi ya kibanda na marejesho ya mkopo wa kikundi, akaichukua fedha ile kwa nia ya kuirudisha. Mafundi wengi wamepita hapo. Unakula advansi ya leo kwa kutegemea advansi ya kesho, na mambo yanakwenda hadi siku ambayo kesho haina mteja.

Tope lilipokuja, lilimletea jibu lililokuwa tayari. Kwa nini awaambie wanne jambo tofauti na alilowaambia saba? Nani angehoji? Akawaambia wote kumi na moja neno lile lile. Na siku alizoona haya kulisema mwenyewe, alimpa binti yake alisemee mlangoni.

Binti alijua. Alikuwa akikaa kibandani kila jioni baada ya shule, akikusanya vipande vya vitambaa kushonea nguo za mwanasesere. Alijua rangi ya kila kitambaa kilichokuwa kwenye rafu. Kitambaa cha mama wa Endasak hakuwahi kukiona.

Tumbo lisiloonekana kwenye vipimo

Kufikia mwisho wa Januari, mtoto alikuwa akilalamika tumbo karibu kila Jumamosi, na siku nyingine jioni. Alipoteza hamu ya kula. Usiku alishtuka kila mbwa alipobweka. Mama alimpa dawa ya minyoo, haikusaidia. Akampeleka kituo cha afya.

Walipima malaria, mkojo na choo. Hakukuwa na kitu. Tabibu, mwanamke wa makamo, hakuandika dawa haraka. Katika miezi ile alikuwa ameona watoto wengi wenye shida kama hiyo: wanaokojoa kitandani upya, wanaolia mvua ikianza, wanaokataa kulala peke yao. Alidhani na huyu ni mmoja wao.

"Unaogopa tope litarudi?" alimuuliza.

Mtoto alitikisa kichwa kukataa.

"Tumbo huanza saa ngapi?"

Mtoto alimtazama mama yake, akainamisha macho. "Mlango ukigongwa," alisema.

Mama hakusema neno. Tabibu naye hakumshambulia. Alieleza tu kwamba maumivu ya mtoto si ya kuigiza. Utumbo na ubongo vimeunganishwa kwa mishipa ya fahamu, na hofu ya mara kwa mara inaweza kulifanya tumbo libane, liume au likatae chakula. Mtu mzima mwenye wasiwasi husema kichwa kinamgonga au usingizi umempotea. Mtoto mdogo mara nyingi husema tumbo.

Hapa mzazi anayesoma asikosee. Tumbo la mtoto lisiitwe wasiwasi kabla hajapimwa. Kama kuna homa, kutapika mara kwa mara, damu kwenye choo, kuhara kusikokoma, kupungua uzito, au maumivu makali yanayomwamsha usingizini au yanayokaa sehemu moja, hospitali ndiyo kwanza. Lakini vipimo vikiwa safi na maumivu yakiendelea kuja kwa saa zake, mzazi ajiulize saa hizo kuna nini nyumbani.

Kwa binti huyu, jibu lilikuwa wazi. Alikuwa amepewa kazi ngumu kuliko kuchota maji au kupika ugali. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya mtu mzima mwenye haki, kumwamkia kwa heshima, kisha kumdanganya. Nyumbani, kanisani na shuleni aliambiwa uongo ni dhambi. Mlangoni aliambiwa ni msaada kwa mama.

Mlango uliopinda Dongobesh

Fundi huyu alizaliwa upande wa pili wa bonde, Dongobesh, Wilaya ya Mbulu. Februari alimpeleka binti yake kwa bibi apumzike siku chache. Walipanda gari kupitia Dareda, wakapandisha ukuta wa bonde hadi Bashnet, wakafika Dongobesh jioni, kukiwa na baridi.

Nyumba ya jirani anaishi mjomba wake, seremala wa siku nyingi. Asubuhi iliyofuata, wakiwa wanakunywa uji uani kwa mjomba, aliingia mzee mmoja amefura. Alikuwa amenunua mlango miezi mitatu iliyopita. Mlango umepinda, haufungi, na mbuzi wameingia sebuleni.

Fundi alishika kikombe, akasubiri kuona mjomba atakwepa vipi.

Mjomba hakukwepa. Alisimama, akamwamkia mzee, akaleta kigoda na uji. Mzee alikataa uji, akasema yake yote bila kukatizwa. Alipomaliza, mjomba alimuuliza maswali mawili tu: mlango umepinda juu au chini, na ulianza lini. Kisha akachukua randa na futi, akasema, "Twende tukauone."

Walirudi baada ya saa moja. Mbao ilikuwa ya mkaratusi, haikuwa imekauka vizuri ilipopigwa randa. Mkaratusi mbichi ukikauka baadaye hujikunja, na kila seremala anajua. Mjomba alikiri mbele ya mzee kwamba alifanya haraka kwa sababu wateja walikuwa wengi. Walikubaliana kwamba atatengeneza mlango mwingine kwa mbao kavu, mzee hatalipa kitu, ila utachukua wiki tatu na siyo moja. Kwa wakati huo mjomba alimpigia ubao wa kuzuia mbuzi. Tarehe waliiandika kwenye daftari, wote wawili wakatia sahihi.

Mzee aliondoka akiwa bado amenuna. Lakini kabla ya kuondoka aliunywa uji.

"Mjomba, umekula hasara," fundi alimwambia.

"Nimekula hasara siku nilipopiga randa mbao mbichi," mjomba alijibu. "Leo nimeilipa tu. Na yule mzee ametembea saa nzima kuja kunilaumu mimi. Angetaka angekwenda kunilaumia kilabuni, mji mzima usikie."

Binti alikuwa amekaa pembeni akisikiliza. Siku zile tano Dongobesh hakulalamika tumbo hata mara moja.

Milango minne

Aliporudi Katesh, fundi aliwaandika wateja wanne kwenye karatasi peke yao, kila mmoja na kiasi chake. Kisha akawafuata mmoja mmoja, bila mtoto. Sentensi aliyoiandaa ilikuwa fupi: kitambaa chako hakikuchukuliwa na tope, sikuwa nimekinunua, fedha niliitumia.

Wa kwanza, anayeishi hapo hapo Katesh, alicheka kwa hasira, akasema alijua siku nyingi. Alikubali kurudishiwa fedha kwa awamu mbili kwa simu. Wa pili alimpeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Fundi hakubishana, maana makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba chini ya Sheria ya Mikataba, na deni lilikuwa deni. Mwenyekiti alipanga tarehe, fundi akailipa kabla haijafika. Wa tatu alisema hataki fedha, ashonewe sketi mbili. Zilishonwa wiki ile ile.

Wa nne alikuwa mama wa Endasak. Alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akasema kwamba kaka yake aliishi Gendabi, na tope lilimchukua. Kila aliposikia neno lile mlangoni kwa fundi, alirudi nyumbani akiona haya kudai kitambaa wakati watu wamekufa.

"Ungeniambia umekula hela, ningekasirika siku moja," alisema.

Alipokea fedha yake, akahesabu, akaingia ndani. Hajarudi tena kushona kwa fundi huyo.

Hili nalo linafaa kusemwa wazi kwa wazazi waliojiajiri. Kusema ukweli hakumrudishi kila mteja. Kunamaliza deni, kunamaliza kujificha, na kunampa mteja nafasi ya kukasirikia jambo lililotokea kweli. Msamaha ni mali yake, anaweza kuutoa au kukaa nao.

Jioni ile fundi alibaki na deni la mwisho. Alimwita binti yake, akamwambia: "Nilikutuma useme uongo. Kosa lilikuwa langu, siyo lako. Sitakutuma tena." Mtoto aliuliza swali moja: "Hata akija yule baba mwenye pikipiki?" Mama akasema hata yeye.

Yanayoweza kufanywa kabla hasira haijafika

Mengi ambayo fundi huyu anafanya sasa ni madogo. Fedha ya kitambaa haichanganyi na fedha ya ufundi. Akipewa fedha ya kitambaa, anakwenda dukani siku hiyo hiyo, anamwonyesha mteja kitambaa au anamtumia picha. Mteja akiona kitambaa chake kipo, hata kazi ikichelewa anasubiri kwa moyo mwepesi.

Kwenye daftari anaandika vipimo, kiasi kilicholipwa, kilichobaki, na tarehe anayoweza kuitimiza. Amejifunza kusema "hapana" ikifika Desemba katikati. Zamani alipokea kazi zote akiogopa kumpoteza mteja, kisha akawapoteza wengi kwa mpigo.

Akiona atachelewa, anapiga simu yeye kabla mteja hajapanda basi. Simu hiyo ni ngumu kuipiga, na baada ya dakika mbili imekwisha.

Mteja akifika analalamika, nguo inawekwa mezani na wote wanaitazama. Kama mshono umekwenda upande, anaufumua bila malipo. Kama mtoto amerefuka tangu alipopimwa Novemba, kosa si la fundi wala la mzazi, na pindo lililoachwa refu linamaliza ugomvi. Kama mteja alichagua mtindo mmoja na sasa anataka mwingine, fundi anasema kwa upole kwamba hiyo ni kazi mpya na ina bei yake. Kumsikiliza mteja hakumaanishi kukubali kila anachosema.

Na wapo wateja wanaovuka mpaka. Anayetukana mbele ya watoto, anayekuja usiku, anayetishia kupiga, huyo hahitaji kigoda na uji. Anaambiwa mazungumzo yatafanyika mchana, mbele ya mjumbe au mwenyekiti, na mlango unafungwa. Mtoto apelekwe chumba kingine au kwa jirani. Baadaye aelezwe kwa maneno machache kilichotokea na kwamba watu wazima wanakishughulikia, kwa sababu asipoelezwa atajitungia mwenyewe, na atakachokitunga huenda kikatisha kuliko ukweli.

Kwa mzazi mwenyewe, dalili za mwili zisipuuzwe. Kichwa kinachogonga kila simu inapoita, usingizi unaokatika saa tisa usiku na moyo unaokwenda mbio ni sababu ya kupima presha na kuzungumza na mhudumu wa afya. Pia ni sababu ya kufungua daftari na kuangalia ni jina gani linaogopwa.

Januari iliyofuata, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, mlango uligongwa tena nyumbani kwa fundi. Cherehani iliendelea kulia. Binti, sasa anaingia darasa la tano, alikwenda akaufungua wote.

"Shikamoo baba. Mama yupo, karibu ndani," alisema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeijua kazi ya nyumbani kwao, "Lakini sketi bado haijapigwa pindo."

Ndani, mama yake aliweka mkasi chini, akasimama na futi shingoni.